Kiwiko cha Kamate

Kila asubuhi Mama Kahindo aliuza sambaza, wale samaki wadogo, katika soko la Kituku, kando ya ziwa. Na kila asubuhi alipata mtu wa kumsimulia habari za kiwiko cha mwanawe.

Mwanawe ni Kamate. Alikuwa kijana wa kusukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali, na mizigo ya soko ndiyo iliyomlisha. Mkono wake wa kushoto haukunyooka kwenye kiwiko. Alipokuwa mtoto alianguka na chukudu ya jirani, mfupa ukavunjika, naye hakulia. Kwa kuwa hakulia, hakuna aliyempeleka hospitali. Mfupa ukajiunga wenyewe, upande upande.

"Muone ile mukono," Kahindo aliwaambia wateja, huku akijaza kopo la samaki. "Ilivunjika, na hakutoa hata chozi moja. Kwetu mwanaume halii."

Wateja walimsifu Kamate. Naye alicheka, akaendelea na mizigo yake. Angefanya nini? Mtoto akisifiwa kwa jambo moja, hulishika hilo hilo mpaka ukubwani.

Basi Kamate akashikwa na homa ya matumbo. Alijikaza. Aliendelea kusukuma chukudu huku tumbo likimkata, mpaka utumbo ukatoboka. Walimfikisha hospitali akiwa amekunjamana, hawezi hata kusimama. Alipasuliwa siku ile ile, na kwa bahati njema upasuaji ulikwenda vizuri.

Kesho yake muuguzi mmoja alikuja kitandani. Jina lake Mapendo. Kazi yake ilikuwa kuwachoma wagonjwa sindano za usingizi kabla ya kupasuliwa, na kufuatilia maumivu yao baadaye.

"Kamate, tunafanya utafiti," alisema. "Tunataka kujua kama dawa ya maumivu tunayotoa hapa inatosha. Nitakuwa ninakuuliza tu. Ukikataa, utatunzwa sawa na wengine. Unakubali?"

"Ninakubali."

"Bien, muzuri. Utanionyesha na vidole. Zero ni kusema haikulumi hata kidogo. Vidole yote kumi ni maumivu yenye hauwezi kuvumilia. Mwenye kuumia sana tunamuongezea dawa. Sasa, wewe uko ngapi?"

Kamate alifungua mdomo. Mama yake, aliyeketi kando ya kitanda, akamwahi.

"Zero, Mama Mapendo. Huyu hana shida. Hata mukono ilivunjika, na hakulia."

Mapendo alimtazama kijana. "Ni kweli, Kamate?"

Kamate aligeuza uso ukutani. "Ni kweli."

"Vuta pumzi ya murefu, kisha ukohoe."

Kamate alikohoa kidogo tu, kama mtu anayesafisha koo kanisani. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Kahindo aliliona, akalifuta haraka kwa pembe ya kitenge chake, asije mtu akaliona. Jioni Mapendo alirudi na swali lile lile, na Kahindo alijibu vile vile.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kahindo aliijua methali hiyo tangu utotoni. Hakudhani kwamba ingebisha hodi kwenye mlango wake.

Homa ilirudi. Kamate alianza kupumua haraka haraka, pumzi fupi fupi, na midomo yake ikapoteza rangi. Wauguzi walikuja mbio, wakamwekea mpira wa hewa puani. Kahindo aliamini moja kwa moja kwamba kidonda kimeoza. Alisimama kwenye ukumbi wa nje, na Mapendo akamfuata.

"Kidonda iko bien, mama. Shida iko mu mapafu."

"Mapafu? Lakini walimupasua tumbo."

"Mutu akipasuliwa tumbo, kila pumzi inavuta kile kidonda. Kama inamuluma, anapumua juu juu. Anaogopa kukohoa. Makohozi inabaki ndani, na ugonjwa inaingia pale. Maumivu yenye kufichwa haikae kimya, mama. Inafanya kazi yake."

"Lakini alisema haimulumi."

"Nani alisema?"

Kahindo aligeuka kutazama mlango wa wodi. Mwanawe alikuwa akipigania pumzi kwa sababu mama yake alitaka watu wamsifu kijana.

"Niliogopa na ile dawa ya nguvu," alisema mwishowe. "Watu wanasema mutu anaizoea, hawezi kuiacha."

"Kwa siku kidogo, kwa kipimo, na sisi tukimuchunga, hatari yake ni ndogo. Ungeniuliza, ningekueleza. Hata mimi nilikosa. Niliona anaangalia ukuta. Nilipaswa kukuomba utoke inje, nimuulize peke yake. Nilikuonea haya sababu ya heshima."

Wote wawili walitazama chini.

"Na iko ingine," Mapendo aliendelea. "Kama watu wanasema zero na wanaumia, sisi tutaamini dawa inatosha. Mugonjwa wa kesho atapewa ile ile, na ataumia."

"Basi futa zero yangu."

"Siwezi kufuta, mama. Nitaandika kwamba ni wewe ulijibu, haiko yeye."

Walirudi kitandani. Kahindo aliinama karibu na sikio la mwanawe.

"Kamate, mwanangu. Sema kweli. Mimi nitanyamaza."

Kamate alimtazama mama yake kwanza, kisha muuguzi. Taratibu alionyesha vidole vinane.

Aliongezewa dawa. Maumivu yalipopungua, Mapendo alichukua kitenge cha Kahindo, akakikunja kama mto, akamwambia Kamate akikumbatie juu ya kidonda kila anapokohoa. Safari hii alikohoa kweli, na makohozi yakatoka. Wakamsaidia kukaa, baadaye kutembea polepole. Pamoja na dawa za kutibu mapafu, homa ikashuka. Kahindo naye hakukaa bure. Alipita kwa ndugu waliowauguza wagonjwa wengine akiwaambia, "Muache mugonjwa ajibu mwenyewe. Mimi nilijibu, karibu nimuzike."

Kamate alipona, lakini polepole. Muda mrefu kijana mwingine ndiye aliyesukuma chukudu yake. Aliporudi Kituku alibeba mizigo midogo tu, na kwenye mwinuko alisimama mara kwa mara kutafuta pumzi. Kila aliposimama, Kahindo aliacha kuuza, akamtazama mpaka aendelee.

Asubuhi moja mteja wa zamani alikuja na ndoo yake.

"Mama Kahindo, leo hautuambii ile ya mukono?"

Kahindo aliweka kopo chini. Akamwita mwanawe.

"Kamate, siku ile ulianguka na chukudu, ilikuluma namna gani?"

Kamate alicheka kama alivyozoea. Kisha akaona kwamba mama hacheki. Akatua mzigo, akainua mikono yote miwili na kufungua vidole vyote kumi. Mkono wa kushoto ulifika kifuani tu.

"Na haukuniambia?"

"Nilikuwa nakuja kukuambia, mama. Nikakuta unaambia majirani ati sikulia."

Kahindo alikishika kile kiwiko kwa mikono yake yenye harufu ya samaki.

"Unisamehe," alisema.

Mteja alisubiri na ndoo yake, wala hakumharakisha.