Masuke Yasiyo na Mizizi

Kila siku ya shule Belarmina alirudi kwa njia ileile. Alipita kwa mwoka mikate, akavuka uwanja wa kanisa huku akifanya ishara ya msalaba, kisha akateremka hadi kwenye ukingo wa mashamba ya mpunga, penye msalaba mweupe wa mawe. Wenzake waliteremka kucheza. Yeye, mwezi huo wa Agosti, alikuwa na zamu.

Chini ya msalaba kulikuwa na kijishamba ambacho watu wa kijiji chao, Vodlembhat, walikiita Shamba la Kwanza. Kilipandwa mapema ili kiive kabla ya sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni. Siku hiyo Padre Vigari hushuka kwa maandamano, mundu mkononi, akakata masuke ya kwanza na kuyabariki. Kila nyumba hupata suke moja la kutundika juu ya picha za watakatifu mwaka mzima. Kabla ya hapo ni mwiko kutia mundu shambani au kuonja mchele mpya, hata kama njaa inauma.

Kijishamba hicho kilitunzwa kwa zamu, nyumba kwa nyumba, na zamu ikipita hairudi upesi. Mwaka huu ilifika kwa kina Belarmina. Baba yake alikuwa baharini, mpishi katika meli. Mai, mama yake, alipandikiza na kupalilia peke yake, mvua ikimpiga mgongoni. Belarmina alipewa kazi moja tu: kulinda shamba kila alasiri, na kufunga mlango wa miiba kila atokapo.

Bibi yake, Piyedade, alikuwa hoi kitandani tangu masika yaanze, na kila siku alisema lilelile.

"Mungu anipe uhai nishike suke la shamba letu. Baada ya hapo aniite akitaka. Unajua kwa nini kila nyumba hupewa suke la shamba lile, si jingine?"

"Ulishaniambia, Bibi."

"Basi nakwambia tena, maana masikio yako yana mlango wa nyuma. Babu yangu akiwa mtoto, ukingo wa kuzuia bahari ulipasuka, maji ya chumvi yakaingia. Mpunga wote ukafa, ila kona ile chini ya msalaba. Mwenye kona angeweza kufunga mlango wake, akala na wanawe. Hakufunga. Alivuna mpunga wote akaupeleka altareni, na kanisa lenyewe wakati huo lilikuwa la udongo na makuti. Padre akaugawa punje kwa punje. Kila nyumba ikatia punje zake katika chungu cha mizizi ya porini, wakasema wamekula wali. Ndiyo maana suke letu na la jirani lazima litoke shamba moja."

Sikukuu ilipokuwa karibu, Anselma, rafiki yake Belarmina, alikuja mbio hadi shambani. Vijana walikuwa wakifanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza katika ukumbi wa kanisa, na aliyeigiza mama mkwe alikuwa mwanamume mwenye masharubu.

"Njoo ucheke kidogo, bwana," Anselma alisema. "Nani atatoka kuiba mpunga na mvua hii? Vyura?"

Belarmina alicheka akaondoka, na mlango wa miiba akausahau wazi.

Aliporudi na Anselma, nyati wa kufugwa wa Mzee Bostiao, yule jirani wa ng'ambo ya njia, alikuwa amesimama katikati ya shamba akitafuna kwa raha zake. Wakamfukuza kwa mawe na kelele. Mpunga ulikuwa umeliwa, na ambao haukuliwa ulikuwa umekanyagwa. Kilichobaki ni kijisehemu cha kona, penye mguu wa msalaba.

"Mai ataniua," Belarmina alisema. Lakini si Mai aliyemtia hofu zaidi. Akilini alimwona Bibi akinyoosha mkono mtupu.

Anselma alifikiri. "Kwetu ng'ambo ya kijito tulipanda mapema pia. Tukate mabua, tuyachomeke hapa kwenye tope. Kwa mbali nani atajua?"

"Kukata kabla ya Padre ni mwiko."

"Basi kamwambie bibi yako umempa nyati sikukuu yake."

Neno hilo lilimchoma. Walikata wakiwa wameinama, wakayachomeka mabua safu kwa safu, wakafukia nyayo za nyati. Kweli, ukiwa njiani, uliona shamba zuri kuliko lile la mwanzo. Jioni ile Bibi aliuliza, kama kawaida yake, "Mpunga umesimama?"

"Umesimama, Bibi," Belarmina akajibu.

Asubuhi ya sikukuu mvua ilikatika. Kengele zililia, bendi ya tarumbeta ikatangulia, na kijiji kizima kikashuka nyuma ya Padre Vigari aliyevaa joho jeupe. Watu walimsifu Mai njia nzima, wakisema mkono wake una baraka. Mai aliinamisha kichwa kwa haya, lakini macho yake yaling'aa jinsi Belarmina hakuwahi kuyaona tangu baba aondoke. Belarmina aliona afadhali yeye angetukanwa.

Bendi ilinyamaza. Padre alisoma sala, akashika mundu, akainama. Belarmina alimwangalia mama yake, akaangalia mkono wa Padre unaokaribia, na ghafla akaona kwamba fahari ya mama na baraka ya kweli haviwezi kukaa pamoja. Akapiga moyo konde.

"Padre, usikate hayo. Hayana mizizi."

Padre aligeuka. "Unasema nini, mwanangu?"

Belarmina alishika bua moja akalivuta. Lilitoka lote, safi, likichuruzika tope. Alieleza yote: mlango, nyati, mabua. Jina la Anselma hakulitaja, lakini Anselma mwenyewe alijitokeza akilia, akasimama kando yake. Minong'ono ilienea. Mai alijifunika uso kwa ncha ya sari.

"Njia ya mwongo ni fupi," mama mmoja alisema kwa sauti ya kusikika.

"Fupi kweli, na mimi nilikuwa naipita," Mzee Bostiao akasema, akivua kofia. "Nyati ni wangu. Siku ile alirudi na tope la huku na tumbo limejaa. Nilijua. Nikanyamaza nikingoja alaumiwe mwingine."

Padre Vigari aliinuka na mundu wake. Kisha akavuka hadi mguu wa msalaba, akakata mpunga wa kile kijisehemu kilichobaki. Ulijaa kiganja kimoja tu.

"Masuke hayawatoshi wote," alisema. "Punje zitatosha. Kijiji hiki kimeshawahi kugawana punje."

Wazee walielewa kwanza, wakapiga magoti palepale topeni, na wengine wote wakafuata. Belarmina aliona haya, aliona huzuni, na bado alihisi mzigo umemtoka kifuani.

Baada ya misa alimkuta Bibi ameegemea mto, mkono tayari. Mai alisimama mlangoni. Belarmina alipiga magoti akaweka punje chache katika kile kiganja chembamba.

"Suke halipo, Bibi. Ni punje tu. Niliacha mlango wazi, nyati akala. Na ulipouliza kama umesimama, nilikudanganya."

Bibi alizigeuza punje kwa kidole, moja baada ya nyingine. Machozi yalimtoka, na Belarmina hakuthubutu kumfuta.

"Umekosa mara mbili," Bibi alisema. "La kwanza ni uzembe, na uzembe hutengenezwa kwa kazi: kesho utakwenda ng'ambo ya kijito, uwalipe kina Anselma kwa kupalilia. La pili ni uongo, na uongo hautengenezwi ila kwa kusema kweli mbele ya uliowadanganya. Hilo umelifanya leo, na najua lilikuwa zito."

Alifumba kiganja.

"Masuke nimeyashika kila mwaka tangu utoto. Punje za shamba lile nilizisikia tu kwa babu yangu. Yule mwenye kona angeweza kufunga mlango wake, akaufungua. Nawe leo ungeweza kufunga kinywa, ukakifungua. Kanisa letu limesimama juu ya watu wa namna hiyo, mjukuu wangu." Akavuta pumzi. "Ila ule mlango wa miiba, siku nyingine, ufunge."

Mai alicheka huku akilia, akamkumbatia mwanawe. Kisha Belarmina akazichukua punje kiganjani mwa Bibi, akazifunga katika kitambaa, akapanda juu ya kiti, akazitundika juu ya picha ya Bikira Maria, mahali pa suke.