Chuma cha Stesheni

Haya aliniambia rafiki yangu Ocira, mwanajeshi mstaafu anayelinda stesheni yetu ndogo hapa Kampala, na Ocira si mtu wa kupenda hadithi.

Stesheni ina jukwaa jipya la saruji upande mmoja wa reli, na upande wa pili stoo ya matofali tangu enzi za Wazungu. Mlangoni pa stoo kilikuwa kinaning'inia kipande cha reli. Treni ya abiria ikikaribia, Ocira alikigonga mara tatu, ili akina mama wanaoanika muhogo relini waondoke.

Siku moja mwaka jana alinogewa na chai, hakugonga. Treni ikamuua Zuleika, mmoja wa akina mama hao, aliyekuwa peke yake relini. Ocira akaapa mbele ya wakubwa kwamba aligonga, ila yule mama alikuwa kiziwi. Wakamwamini. Chuma akakishusha mwenyewe, akakitupa ndani ya stoo. Tangu hapo anapuliza filimbi.

Wiki iliyopita aliingia stoo kuchukua fagio. Mle ndani ni giza hata mchana. Akasikia chuma kikilia: ngaa. Ngaa. Ngaa. Nacho kilikuwa sakafuni, chini ya kiatu chake, hakijasogea.

Huko nje akina mama walikuwa wanakusanya muhogo mbiombio. "Asante, afande!" wakamwambia kwa sauti.

Kisha nyuma yake, gizani, mtu akasema taratibu: "Afande, leo nimesikia."