Maganda Yaliyonuka Ugoro

"Kware."

"Nakupata," Cherop aliitikia jina lake la kazi.

"Mzee Mathenge, nje ya Kitale. Amepigwa risasi akifunga lango. Ameaga. Nenda."

"Nani ameshikwa?"

Mkuu wa Idara ya upelelezi akashusha sauti. "Baba yako, Cherop. Ukitaka nitatuma mwingine."

"Niko njiani."

Akakata simu. Baba mzazi huyo, na moyo wake haukuruka hata kidogo. Tangu amzike mama yake, Cherop hakuwa amelia. Wenzake walimsifu eti ana roho ngumu. Roho ngumu wapi, bana! Ilikuwa ganzi tupu.

Alibana bastola yake ya Glock kiunoni, akawasha Subaru.

Pale shambani watu walikuwa wamejipanga pande mbili za ua. Kina Mathenge huku, kina Kiplangat, ukoo wa baba yake, kule, na panga mikononi hazikuwa za kufyeka nyasi. Hawa wamechota maji kisima kimoja miaka nenda miaka rudi. Leo hata salamu hakuna. Cherop alikuwa mtoto nyumba zilipochomwa huku, na alijua zingechomwa tena usiku huu kama baba yake angelala seli kama muuaji.

Mzee Kiplangat alikuwa nyuma ya Land Cruiser ya polisi, na pingu mikononi.

"Cherop," alisema. "Mathenge alikuwa ndugu yangu. Juzi tu tumekunywa chai na yeye."

"Najua, baba."

Alijua. Hakuhisi.

OCS, mkuu wa kituo cha polisi, alimpa mfuko wa plastiki. "Tuliokota hizi kwa ua, madam. Maganda ya thrii-o-thrii. Bunduki ya vita ya wazungu. Si babu yako alikuwa nayo?"

"Baba aliirudisha kwa serikali."

"Ndivyo anavyosema."

Cherop alivaa glavu, akatoa lenzi. Shaba. Kitako chenye ukingo mnene. Herufi za kiwanda, na mwaka: 1943.

Thrii-o-thrii ya kweli, hakuna ubishi.

Lakini mdomo wa ganda haukuwa na masizi. Na pale pini ya bunduki ilipogonga kitakoni, kutu ya kijani ilikuwa imejaa kwenye kishimo. Shaba haioti kutu hiyo kwa usiku mmoja. Hii risasi ilifyatuliwa kabla baba yake hajazaliwa.

Akalisogeza puani.

Ugoro.

Alibaki ameinama hapo. Wazee wa Elgon hutia ugoro ndani ya maganda ya zamani, wakaziba kwa kipande cha gunzi, wakavaa shingoni. Mama yake alikuwa na lake. Aliyeyatupa haya alikuwa ameyasugua vizuri nje, akasahau kuosha ndani.

"OCS, nusa."

OCS alinusa. Akapiga chafya mpaka kofia ikaanguka.

"Ala!"

"Hakuna bunduki iliyotema haya usiku wa jana. Yameletwa na mtu anayetaka tupigane hapa."

Redio ya Land Cruiser ikakoroma: vikosi vyote vya mpakani vielekee Kitale.

"Kule mpakani Lwakhakha amebaki nani?" Cherop aliuliza.

"Hakuna mtu, madam. Si wote wanakuja huku?"

Cherop alishapiga simu tayari. "Mkuu, Mathenge ameuawa ili mpaka ubaki wazi. Warudishe. Kimyakimya."

"Una hakika?"

"Warudishe."

Bungoma, sokoni, alimkuta Mama Agneta, aliyewauzia ugoro wazee wa Elgon, amekaa nyuma ya makopo yake.

"Shikamoo, mama. Nani amekuwa akitafuta maganda ya ugoro?"

"Woi, mwanangu! Si ni Kabiru, ule wa vyuma kuukuu? Ati kuna mzungu anataka antiki, vitu vya kale. Wazee walimletea yote. Hata mimi nilimpatia yangu."

"Yuko wapi?"

"Amepita asubuhi na bodaboda, ati anaenda kupokea lori huko Lwakhakha." Kisha akamtazama vizuri. "Wewe ni wa marehemu Chepkosgei! Alikuwa kastoma yangu. Shika, ni ule wake." Akamsukumia ugoro uliofungwa kwenye kipande cha gazeti.

Cherop aliutia mfukoni, akaondoka mbio.

Lori lilitokea konani baada ya Sirisia. Isuzu, limejaa magunia ya dagaa. Cherop aliiweka Subaru katikati ya barabara na kushuka. Breki zikalia.

Kabiru alikuwa kando ya dereva. Akashusha kioo, akatabasamu. "Madam, ni omena tu."

Mkono wake ulikuwa unashuka chini ya kiti.

Glock ikalia. Kioo cha pembeni kikapasuka.

"Inayofuata ni yako."

Mikono ikapanda juu. Nyuma ya lori, Land Rover za vikosi vya mpakani zilikuwa zinaziba njia. Chini ya omena, bunduki mpya, zingine bado na grisi. Chini ya kiti, bastola. Cherop aliinusa.

"Hii sasa ndiyo inanuka baruti," alisema. "Mathenge alikukosea nini?"

Kabiru aliangalia chini. Pingu zikalia mikononi mwake.

Simu. OCS.

"Madam, tumemwachilia mzee. Hata hakwenda kwake. Amevuka ua moja kwa moja, amekaa na mjane wa Mathenge. Wanalia pamoja. Watu wameweka panga chini."

"Asante."

Alitembea kando ya barabara, polepole. Akafungua kile kipande cha gazeti. Ugoro ule ule wa mama, na magadi yake. Akavuta kidogo.

Akapiga chafya. Machozi yakatoka. Yakaendelea kutoka.

"Kware," Mkuu aliita kwenye redio ya kiunoni. "Uko sawa?"

"Ni ugoro tu, mkuu."

Akafunga gazeti vizuri, akawasha Subaru, akaelekea nyumbani kwa baba yake.