Kaka Aliyefungwa Nje

Kila asubuhi Sindano alifagia uwanja, akachemsha chai, akamgongea kaka yake mlango. Jina hilo la Sindano alipewa mtaani kwa ajili ya wembamba wake. Mama yao, aliyekuwa dobi katika nyumba ya wageni, alikuwa ameshaondoka saa hizo. Ndugu hao wawili walitoka pamoja kwenda shule moja, lakini kabla ya kona ya mwisho Sindano alikaza mwendo, akamwacha kaka nyuma.

Kaka hakuwa mwanafunzi wala mwalimu. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mwaka uliopita alikata nondo za madirisha ya stoo ya shule hiyo, akaziuza kama chuma chakavu. Hakimu hakumpeleka gerezani. Alimpa kifungo cha nje cha miezi sita: kila siku ya masomo afike saa moja na nusu, atie sahihi kwenye daftari la mwalimu mkuu, ambalo afisa wa uangalizi hulichukua kila Ijumaa, kisha atengeneze madirisha na madawati hadi saa sita. Akiugua, atoe taarifa asubuhi ile ile. Akikosa mara mbili bila taarifa, anarudi kwa hakimu, na safari hiyo ni gerezani. Mara ya kwanza alikuwa ameshakosa, siku aliyopitiwa na usingizi.

"Yule mwizi wa nondo mbona mnafanana pua?" Redio alimwuliza Sindano siku moja. Redio alikuwa rafiki yake, na hakuna aliyewahi kumwona amezimika.

"Pua ni pua," Sindano alijibu. "Mimi simjui."

Watoto wakacheka. Kaka alikuwa hatua chache tu kutoka pale, ameinamia dawati. Alisikia. Hakuinua kichwa.

Basi Alhamisi moja miwani yake ya kuchomelea ilipasuka. Badala ya kuacha kazi, alimalizia madawati mawili kwa kufumba jicho moja moja. Alidhani anafanya bidii. Kesho yake asubuhi macho yalikuwa yamevimba, yanatoka machozi, na hakuweza kuona hata kikombe cha chai.

"Mdogo wangu, nenda moja kwa moja kwa mwalimu mkuu," alisema. "Mwambie macho yamenikataa. Aandike kwenye daftari. Unanisikia? Leo Ijumaa, afisa wa uangalizi analichukua."

"Nimesikia, kaka."

Sindano alifika mlangoni pa ofisi. Ndani alimwona Redio na wenzake wawili wakipanga madaftari ya darasa. Ili aseme neno lake, ilimpasa aanze na "kaka yangu". Akageuka. Nitarudi mapumziko, alijiambia. Mapumziko alikuta mlango umefungwa. Mwalimu mkuu alikuwa amekwenda mkutanoni, na afisa alikuwa ameshapita na daftari.

Jioni kaka aliuliza, kitambaa chenye maji kikiwa machoni, "Ulimwambia?"

"Nilimwambia."

"Ahsante, mdogo wangu."

Jumatatu macho ya kaka yalikuwa yamepona. Alikuwa akipiga msasa mguu wa dawati askari wawili walipokuja kumchukua. Darasa zima lilikimbilia madirishani. Kaka aliwaeleza kwa upole kwamba alitoa taarifa. Askari mmoja akasema hayo atayasema mbele ya hakimu. Sindano alishika nondo za dirisha, zile mpya alizozichomelea kaka, akatazama gari likiondoka.

Siku hiyo hiyo alimweleza mama ukweli. Mama hakumpiga wala hakumfokea. Alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, mikono mapajani, kisha akainuka kutafuta viatu.

Walikwenda kwa afisa wa uangalizi. Alikuwa mzee mpole, meza yake imejaa mafaili. "Mama, nakuamini," alisema. "Lakini faili limeshafika kwa hakimu. Mikono yangu imefungwa. Subirini Ijumaa." Mahabusu nako waliambiwa waje kesho, na kesho yake wakaambiwa saa za kuona watu zimepita. Chakula walichobeba walirudi nacho. Nyumbani hakuna aliyekigusa.

Ijumaa, chumba cha mahakama kilijaa watu. Kaka aliletwa, midomo imemkauka, amekonda kana kwamba ametoka kuugua. Mwalimu mkuu alisema fundi huyo ametengeneza madawati arobaini na moja. Kisha hakimu, mama mwenye sauti ndogo, alimwita Sindano mbele.

"Huyu ni nani wako?"

Sindano alipiga moyo konde. "Kaka yangu. Tumezaliwa tumbo moja. Alinituma, nikaona haya, sikusema. Halafu nikamdanganya kwamba nimesema."

Hakimu aliandika kwa muda. Mwishowe akaamua kwamba kaka aendelee na kifungo cha nje, na afidie siku zote alizokosa.

Nje, Sindano alianza kulia. "Kaka, nisamehe."

"Nimekusikia," alijibu kaka. Hakueleza aliyoyaona kule ndani, siku hiyo wala baadaye.

Afisa wa uangalizi aliinama kidogo ili aonane na Sindano uso kwa uso. "Mjukuu wangu, wapo vijana walioiba nondo tu wakapelekwa gerezani. Wengine nimewaona wakirudi wameiva kwa wizi mkubwa, maana walikaa na walimu wake. Ndiyo maana nahangaika na hiki kifungo cha nje. Lakini hakina ukuta wala kufuli. Kinasimama kwa ukweli tu: wa aliyekosa, wa mwalimu, na wa watu wa nyumbani. Mmoja akidanganya, hata kama ni kwa aibu, mwenzake anaingia ndani. Nami nabaki kutazama, kama ulivyotazama wewe."

Jumatatu iliyofuata Sindano hakukaza mwendo penye kona. Alijaribu kumshika kaka mkono. Kaka aliuacha mkono wake ushikwe, lakini vidole hakuvifumba.