Jivu Chini ya Meko ya Stima

Stima haitoi jivu. Hilo hata mtoto wa nasari analijua. Lakini asubuhi moja ya Julai, kwao Noonkopir, mtaa wa Kitengela, Waruguru alifagia mbele ya meko ya stima na ufagio ukarudi na jivu laini, lenye harufu ya kuni za mgunga.

"Baba Ann, umechoma nini hapa?"

"Nichome nini na hiyo ni kioo na balbu?" Muturi akajibu, akifunga viatu. "Ni vumbi la simiti. Kwani hujui Kitengela?"

Waruguru akalizoa jivu lile. Vumbi la simiti alilijua.

Nyumba ilikuwa mpya, bado inanuka rangi, na baridi ilikuwa imemshika Ann kifua. Daktari alikataza moshi wa makaa. Ndipo Muturi akapata meko yale kwa mzee Parsaoti wa Kona Baridi, aliyekuwa akihama. Yanafungwa ukutani; ukibonyeza rimoti, ndimi za moto zinacheza nyuma ya kioo na hewa ya joto inatoka chini.

"Binti yetu alipenda kukaa hapo," mzee alisema, akiyapangusa kwa mkono wa koti. "Sasa hakuna wa kuota moto."

Wakadhani msichana ameenda shule ya bodi. Hawakuuliza. Watu wa siku hizi wanauliza tu kama kitu kinafanya kazi. Kimetoka wapi, shauri yake. Siku ya kuhamia wakampa Ann, wa miaka minne, rimoti, wamchukue video akiwasha moto wa kwanza wa nyumba. Ukawaka. Wakapiga makofi.

Cucu Elizabeth, mama yake Muturi, alipokuja kuwaona hakukaa. Alisimama mlangoni na mkoba wake.

"Moto huu umetoka nyumba gani?"

"Ni wa stima, mami," Waruguru akasema.

"Sijauliza ni wa nini. Nimeuliza nyumba." Akashusha sauti. "Kwetu nyumba mpya haiwashwi na kiberiti. Mtoto hubeba kijinga cha moto kutoka kwa wazazi, auwashe, na moto unakuwa wake. Lakini kwa wafiwa hatuchukui hata kaa moja. Marehemu hufuata moto wake."

Muturi akacheka, cheko la mtu aliyeshikwa. Akampigia Parsaoti simu, akaweka spika.

"Mzee, yule binti yako... alikufa?"

Upepo ulivuma ndani ya simu.

"Si niliwaambia hakuna wa kuota?"

"Ungesema wazi!"

"Na wewe ungeuliza wazi." Simu ikakatika.

Jioni hiyo stima ikapotea. Noonkopir yote ikawa giza, friji ikanyamaza, taa ya jirani ikazima. Na nyuma ya kioo ndimi za moto zikaendelea kucheza polepole, bila sauti, na harufu ya mgunga ikajaa sebule, na Waruguru akamwona Ann ameketi kwenye zulia, viganja vimeelekezwa motoni, akijisukuma pembeni kidogo, tena kidogo, kama mtoto anayempisha mwenzake kwenye benchi la kanisa.

"Keti hapa," Ann alikuwa akinong'ona. "Tunatoshea."

"Ann, unaongea na nani?"

"Huyu. Anasikia baridi."

Asubuhi wakamwita mchungaji Wanjala. Akaomba mpaka shati likalowa, akakemea pepo kwa jina la Yesu, akaamuru meko yatolewe. Muturi akayang'oa na kuyatupa shimoni nyuma ya ploti. Kila mtu akapumua. Kisha Ann akaanguka.

Hakuwa na homa. Alikuwa baridi, baridi ya jiwe la mtoni, midomo imegeuka rangi. Wakamfunga blanketi, wakamwekea chupa za maji moto, wakamkimbiza hospitali Kajiado. Daktari akampima, akapima tena, akaanza kukwepa macho yao. "Damu iko sawa. Moyo unapunguza mwendo. Sijui niwaambie nini."

"Mama," Ann akasema kwa sauti ya mbali, "turudi kwa moto."

Mchungaji, aliyewafuata hospitalini pamoja na Cucu, akasema wasikubali. Cucu akamwangalia. "Wewe uko na dawa nyingine?"

Wakamrudisha Ann nyumbani, na Muturi mwenyewe, aliyecheka, ndiye aliyeshuka shimoni. Aliyafunga tena ukutani. Akabonyeza rimoti, kimya. Waruguru akabonyeza, kimya. Wakamwekea Ann kidole juu ya rimoti, na moto ukaruka.

Midomo ya mtoto ikaanza kurudiwa na rangi. Waruguru akaketi kando yake kwenye zulia, akilia bila sauti, kwa sababu alijua sasa kwamba hawatauzima moto ule, si Agosti, si jua la Januari, na hawatahama nyumba ile wala kumpeleka Ann mbali na ukuta ule, na hakuna mtu wa kumlaumu isipokuwa vinywa vyao wenyewe vilivyoshindwa kuuliza swali moja. Ndipo mkono mdogo, baridi kuliko wa Ann ulivyokuwa hospitalini, ukaingia kwenye kiganja chake.

Akatazama. Mikono yote miwili ya Ann ilikuwa imenyooshwa motoni.

Waruguru hakuutoa ule mkono. Aliufunika kwa wake, akaanza kuusugua taratibu upate joto.