Msomaji wa Nyuma ya Rafu

Kadi ile ilikuwa na mwandiko wa Shallon, ila Shallon hakuiandika.

Aliikuta asubuhi ya Jumatatu alipofungua duka lake la vitabu katika mtaa wa Hai Cinema, Juba, kontena la chuma lililokatwa mlango na dirisha, likapakwa rangi ya buluu. Ulikuwa mwaka wa tatu tangu mkataba wa amani utiwe saini. Vitabu vipya vilifika Juba mara moja kwa mwezi, ndani ya maboksi, juu ya basi la kutoka Kampala. Desturi ya Shallon ilikuwa kuvisoma yeye kwanza, kisha kubandika kadi ndogo juu ya kile kilichomgusa: hiki kinachekesha, hiki usimpe mtoto, hiki kisome ukiwa umefiwa. Wateja walizipenda kadi zake kwa kuwa hazikudanganya.

Lakini kadi hii ilikaa juu ya riwaya ambayo alikuwa hajaifungua bado. Ilisema: "Kitabu hiki kinamngoja Edrine. Afungue ukurasa wa tisini, atakuta neno ambalo mamaye hakuwahi kumwambia."

Kilichomshtua zaidi ni Kiswahili chenyewe. Shallon alikuwa mtu wa Mbarara, Uganda. Kiswahili alikiokota sokoni na njiani, cha mimi iko na wewe iko, na kadi zake zote aliziandika kwa Kiingereza. Hii ngeli zake zilikuwa zimekaa sawasawa, utadhani imeandikwa na mwalimu.

Edrine, fundi simu wa kibanda cha pili, aliingia kabla ya saa nne kutafuta gazeti. Akaiona kadi yenye jina lake, akacheka, akafungua ukurasa wa tisini akiwa wima. Kicheko kikakatika. Machozi yakamshuka mashavuni mbele za watu, akakikumbatia kitabu kama mtu aliyekuta ndugu yake, akaondoka nacho. Kesho yake alirudi na rafiki zake watatu.

Mwingine angeichana kadi ile akaitupa motoni. Shallon hakuichana, na sababu ilikuwa Nyamal.

Nyamal alikuwa binti wa Kinuer aliyelelewa Nakuru, akarudi Juba baada ya amani akiwa hana kazi. Shallon alimwajiri, akamfundisha biashara yote: namna ya kukijua kitabu kwa ukurasa wake wa kwanza, namna ya kumtazama mteja mikono kabla hujamshauri asome nini. Baada ya mwaka na nusu Nyamal alifungua duka lake mwenyewe kule mtaa wa Buluk. Waliagana vizuri, kwa sala na soda. Ila Nyamal alikuwa na kipaji ambacho hakufundishwa na mtu. Hakuandika kadi. Alikikumbatia kitabu kifuani, akaanza kukisimulia, akakuachia pale pale ambapo usingepata usingizi bila kujua mbele. Redio ikampa nusu saa kila Ijumaa adhuhuri azungumzie vitabu vipya. Sasa watu walikuwa wakija Hai Cinema na kuuliza, "Kile kitabu alichosema Nyamal, unacho?" na kila swali lilikuwa pilipili machoni mwa Shallon.

Ijumaa iliyotangulia kadi ile, Shallon alisikia redioni Nyamal akikisifu kitabu ambacho Shallon ndiye aliyekuwa wa kwanza kukipata, akamwonyesha. Jina lake halikutajwa. Jenereta ilikuwa imezimwa, barabara haina mtu kwa ukali wa jua. Shallon aliifunga redio yake ya betri, akasema kwa sauti, meno yameumana: "Mimi iko peke yangu hapa. Kama kuna mtu wa kunisaidia, akuje. Hata kama si mtu."

Nyuma ya rafu ya mwisho, kitu kikavuta pumzi.

Alijiambia kwamba ni chuma kinachotanuka kwa joto.

Baada ya Edrine, kadi zikawa zinakuja kila siku. Moja ilimwita mjane wa mtaa wa Gurei, nyingine dereva wa lori, nyingine mchungaji, na kila aliyeitwa alikuja kwa miguu yake bila kutumwa mtu, akasoma, akalia au akacheka peke yake, akarudi na wengine. Mjini wakasema Shallon ana jicho la vitabu. Yeye akakubali sifa, akanunua kitambaa kipya cha kichwa.

Ila alianza kuona mambo. Kila saa sita mchana duka lilijaa harufu ya maziwa yaliyoungua, na hakuna aliyekuwa amepika. Vitabu vilivyolala rafuni vilikuwa na pembe zilizoloa, kila ukurasa, kama vimefunuliwa na mtu anayelamba kidole. Na akiketi kimya alisikia kurasa zikigeuzwa nyuma ya rafu ya mwisho, mahali ambapo hapakuwa na nafasi hata ya paka kupita, taratibu, moja, halafu nyingine, kwa utulivu wa mtu aliye nyumbani kwake.

Siku ya kumi na mbili ilikuja kadi fupi: "Hiki ni cha Nyamal. Mpelekee wewe mwenyewe."

Shallon alijua kwamba si zawadi. Hata hivyo alikifunga kitabu katika karatasi ya kaki, akashika njia ya Buluk.

"Aki, dada Shallon! Kumbe bado unanikumbuka!" Nyamal alimkumbatia, akakifungua kitabu hapo hapo na kukinusa. "Na vile nimekumiss. Kaa chini, nikuitishie chai."

"Malesh, samahani, iko na haraka," Shallon alisema, akatoka bila kuangalia nyuma.

Ijumaa hiyo kipindi cha vitabu hakikuwapo redioni. Jumamosi habari zikafika: Nyamal ameshindwa kusoma. Aliona nyuso, aliona barabara na shimo lililo mbele ya mguu wake, lakini kila karatasi kwake ilikuwa nyeupe. Hospitali walimpima macho wakayakuta mazima.

Moyo wa Shallon uliruka kwa furaha, na furaha hiyo ndiyo iliyomfanya ajiogope.

Jioni yake alikifungua kitabu kipya cha kurasa mia tatu, akakimaliza kabla maji ya chai hayajachemka. Akachukua cha pili. Maneno yalimwingia kama maji yanavyoingia mchangani, na alipokiweka chini aliweza kukisimulia kama Nyamal, kwa vituo vile vile vya Nyamal, akimwachia msikilizaji pale pale penye kiu. Ndipo alipojua macho ya mwenzake yalipokwenda. Wiki mbili alinyamaza, akisoma, akisifiwa, na usiku akilala vizuri.

Kisha akaenda kumjulia hali, kwa kuwa watu walianza kuuliza mbona haendi.

Nyamal alikuwa ameketi kwenye kigoda dukani mwake, kitabu kimefunguka mapajani. Akamvuta Shallon karibu, akanong'ona.

"Dada, usiambie mtu. Kuna kitu hunisomea. Saa sita mchana, nikiwa peke yangu."

"Kitu gani?"

"Sijui. Kinasoma majina ya watu wenye wamekufa. Na sauti ni yako." Akakifunga kitabu. "Ni sauti yako kabisa, lakini Kiswahili chake ni safi. Wewe huongeagi hivyo."

Shallon hakukumbuka alivyofika dukani kwake. Alichokumbuka ni kwamba nje ya duka la Nyamal watu kumi na zaidi walikuwa wakingoja kwenye mabenchi, wamekuja kusikia vitabu ambavyo binti yule alivishika kichwani tangu zamani, kwa sababu hata akiwa hawezi kusoma herufi moja walimpenda yeye, na njia nzima, kati ya hofu na aibu, ule wivu wa kwanza ulipanda tena kooni mwake, mchungu kuliko ulivyowahi kuwa, hata alipokanyaga sakafu ya kontena na harufu ya maziwa yaliyoungua ikampiga usoni hakukimbia, alisimama, na sauti yake mwenyewe ikamsemesha kutoka nyuma ya rafu, tulivu, katika Kiswahili ambacho yeye asingekiweza maisha yake yote.

"Bado ulimi wake. Wanampenda kwa ulimi. Niutwae?"

Mdomo wa Shallon ukafunguka. Alikuwa na neno tayari, na neno hilo halikuwa hapana.

"Dada?"

Nyamal alikuwa mlangoni, anahema. Alikuwa amemfuata kwa boda. "Ulitoka kabla nimalize. Nilitaka kukuambia, nimeongea na watu wa redio. Nimewaambia wakuchukue wewe hiyo Ijumaa. Mimi siwezi, na hakuna mwingine anajua vitabu hii Juba."

Kitu kilivunjika ndani ya Shallon. Akaketi chini sakafuni akamwambia yote: redio, adhuhuri ile, kadi, kitabu cha karatasi ya kaki. Hakuficha hata furaha yake.

Nyamal alisikiliza mpaka mwisho. "Ulijua wakati unaniletea?"

"Nilijua."

Kofi lake lilisikika hadi kwa Edrine. Kisha Nyamal akatoka, na Shallon akadhani ndiyo mwisho wao. Lakini asubuhi ya pili alirudi na mwanamke mnene wa Gurei aliyeitwa Achan, Mwacholi muuza mafuta ya kupaka, ambaye watu walimwita wanapopatwa na wageni wasioonekana.

Achan alinusa hewa ya kontena, akakunja uso. "Nani aliita hii kitu?"

"Mimi, mama."

"Basi mimi siwezi kufukuza mgeni wa mtu mwingine. Wewe uliita, wewe utaambia aende. Mimi nitashika mlango isijifunge. Na huyu binti akae hapa, asikie."

Alipaka kizingiti mafuta meusi, akaegemeza mgongo wake kwenye mlango wa chuma. Shallon akaigeukia rafu.

"Toka," alisema. "Kazi yako kalas, imeisha."

Kurasa zilizokuwa zikigeuzwa zikatulia. Halafu vitabu vyote rafuni, vyote kwa pamoja, vikaanza kujifunua, kwa kishindo kama cha njiwa elfu wanaoruka ndani ya boksi, na joto likapanda hata rangi ya kuta ikatoa mapovu, na mlango ukausukuma mgongo wa Achan, ukausukuma tena, huku yule mama akisaga visigino sakafuni na kuguna, na katikati ya yote hayo ile sauti ikazungumza bila kupaza, karibu kabisa na sikio la Shallon, kwa upole wa mtu anayekupendekezea kitabu.

"Sikuja kwa hiari yangu, wala sitoki mikono mitupu. Nitaondoka na herufi za mmoja wenu. Sema 'zake', nami sitamgusa tena kamwe, ulimi nitamwachia, nawe utabaki msomaji pekee katika mji huu. Sema 'zangu', naye atarudishiwa. Neno moja tu."

Shallon alimtazama Nyamal, ambaye alikuwa amesikia kila neno. Nyamal hakusema usifanye hivyo, dada. Hakuyageuza macho pia. Alingoja tu, mikono imekumbatia kifua bila kitabu.

Na wivu ulikuwapo. Hata hapo, hata kwa hofu ile, ulimwambia: neno moja, na yeye mwenyewe amekwisha kuzoea.

"Zangu," Shallon alisema. Sauti ikatoka kama kikohozi, akairudia kwa nguvu. "Zangu! Chukua, uende!"

Upepo ulimpita usoni, wa moto, wenye harufu ile, ukampita Achan akajikuta ameketi barabarani. Vitabu vikaanguka. Kimya.

Nyamal aliokota kilichokuwa karibu na mguu wake. Midomo yake ikaanza kucheza, kisha ikatoka sauti, mstari wa kwanza, wa pili, na hapo akaanza kulia huku anaendelea kusoma. Shallon naye aliokota kimoja. Kilikuwa cheupe mwanzo hadi mwisho. Hata jalada.

Nyamal alimsaidia Achan kuinuka, wakaondoka pamoja. Hakuaga.

Shallon hakulifunga duka. Edrine na wengine walimsomea majalada, naye akavipanga vitabu kwa unene na kwa kugusa. Hakubandika kadi tena. Aliyemuuliza kipya kipi ni kizuri alimjibu, "Enda Buluk, uliza Nyamal," na mara ya kwanza alipolisema jibu hilo lilimkwaruza koo kama mwiba wa samaki. Mara ya ishirini lilikwaruza kidogo.

Miezi minne ikapita. Siku moja ya mvua, saa nane mchana, Nyamal aliingia na boksi la vitabu vilivyoshushwa kwenye basi asubuhi hiyo. Akavuta kigoda, akakaa mbali kidogo.

"Sijakusamehe," alisema. "Bado."

"Ndiyo."

"Lakini hii ni mzuri sana, na sina mtu wa kubishana naye." Akatoa kitabu kimoja, akakifungua, akasoma ukurasa wa kwanza kwa ile sauti yake inayojua pa kusita. Mvua ilipiga bati. Shallon alisikiliza, na katikati ya ukurasa wa pili akainua mkono.

"Nyamal, ngoja. Naona wivu."

Nyamal aliacha kidole chake kwenye mstari.

"Najua," alisema. "Niendelee?"

"Soma."