Aliyesukuma Gari la Bwanali

Mjomba wangu Bwanali hakuwa mchawi. Nasema mapema, maana ninyi watu hamkawii. Alikuwa fundi, basi.

Enzi za Mwingereza alikuwa na kigari chake kikuukuu cha kubebea abiria na mizigo kutoka Masasi kwenda Newala. Utingo wake aliitwa Dadi, mwanamume mzima mwenye mabega mapana. Ule mlima wa Newala mnaujua. Gari likishindwa, Dadi hushuka akasukuma, wala haachi mpaka dereva aseme, "Basi!" Ndipo hutia jiwe nyuma ya gurudumu. Siku moja, akiwa anasukuma, alianguka kifudifudi akafa pale pale.

Mjomba alilia kama mtoto. Akaapa kwamba hakuna binadamu atakayesukuma tena gari lake. Mashamba ya karanga ya Nachingwea yalikuwa yamekufa, vyuma vimezagaa, akajipatia injini ya lori. Aliipachika mwenyewe, uani kwake. Akakata chesisi, akaongeza kabureta ya pili, akabadili bomba la moshi, gari likanguruma mpaka kuku wakaacha kutaga. Mkewe Stamili alihamishia chungu kwa jirani kwa sababu jikoni mlikuwa mmejaa spana.

Likapanda mlima kwa gia ya tatu! Malori yote ya Masasi yakawa yanakula vumbi lake. Mjomba akatembea kifua mbele, na nani angemlaumu?

Watu, ndio waliomlaumu. Wakasema kigari kile hakipandi kwa injini, kinasukumwa na Dadi. Wakasema mjomba amemgeuza ndondocha, maiti anayetumikishwa na mchawi. Lisemwalo lipo, wakasema. Wazee wakataka gari lichomwe na mjomba ahame.

Mwisho akaja Bi Sijaona, mama yake Dadi.

"Shikamoo, Mama Dadi."

Hakuitikia. "Bwanali, nirudishie mwanangu."

Mjomba alikasirika. Asubuhi iliyofuata aliwaita watu wote barabarani, pale mlima unapoanzia. Jua lilikuwa linawaka. Akasimamisha miti mitatu, akafunga mnyororo, akaing'oa injini na kuilaza juu ya jamvi mbele ya macho yao.

"Tazameni vizuri! Hiki ndicho kinachopandisha gari langu, na nimekifunga kwa mikono hii. Sasa gari halina kitu. Likisogea hata shubiri, lichomeni, nami nitahama!"

Nilimpenda sana mjomba siku ile.

Bi Sijaona akasogea nyuma ya gari. Akanong'ona, "Dadi, mwanangu. Upo?"

Chuma kikalia.

Gari likasogea. Kwenda juu.

Watu walikimbia. Mimi nilibaki pale pale, kando ya gari. Mjomba aliruka ndani akashika usukani. Nilichungulia pale ilipokuwa injini, nikaona kokoto za barabara zikipita. Nyuma ya gari hapakuwa na mtu. Lakini nilisikia pumzi. Mwanamume anahema. Anahema kwa nguvu, kama mtu aliyechoka siku nyingi.

Mjomba naye alisikia. Nikaona uso wake unabadilika. Siku aliyokufa, Dadi alianguka kabla hajaambiwa aache.

"Basi, Dadi," alinong'ona. "Basi, ndugu yangu."

Pumzi ikakatika. Gari likasimama. Kisha likaanza kurudi nyuma. Mjomba akakanyaga breki, breki haikushika. Bi Sijaona alikuwa amesimama njiani, hasogei. Nikapiga kelele.

Kishindo. Gari likatulia, hatua moja kutoka kwake.

Nyuma ya gurudumu palikuwa na jiwe jeusi, limeshindiliwa barabara. Hakuna aliyeliweka.

Wazee walirudi na vijinga vya moto. Bi Sijaona akatandaza mikono mbele ya gari. "Atakayewasha, aanze na mimi! Mwanangu alikuwa anafanya kazi yake. Bwanali hakumfunga, alisahau tu kumfungua."

Hakuna aliyewasha. Mjomba hakuhama, na alirudisha injini yake. Tangu hapo gari lilipanda kwa gia ya kwanza, likichemka, naye alilipenda vivyo hivyo. Kila jioni alikuwa chini yake na spana.

Lakini siku ile, wanaume wanne walishindwa kulitoa lile jiwe. Bi Sijaona aliinama, akaliokota kwa mkono mmoja.

"Twende nyumbani," akasema.

Akaondoka peke yake. Niliutazama mchanga alipopita. Kando ya nyayo zake zilikuwepo nyingine, pana, za mwanamume, zikienda naye sambamba.